Kuku wa Shukrani

Barua ilimfikia Eliakim siku ya Alhamisi, akiwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kinu, nyundo katika mkono mmoja na patasi katika ule mwingine wenye vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na mkanda wa injini mwaka wa sabini na tisa. Tangu siku hiyo watu waliokuja kusaga mahindi pale Kitale walimwita Vidole Vitatu, kwanza kwa kunong'ona, halafu waziwazi, na mwishowe kwa mapenzi. Naye alizoea. Mtu mwenye watoto wanne huzoea mengi.

Alijifuta unga usoni, akasoma barua hiyo mara mbili. Iliandikwa na Wepukhulu, mwalimu mstaafu wa Bungoma, katibu wa kikundi fulani cha wakulima. Kikundi kilikuwa kimenunua kinu kipya na kilitafuta fundi wa jiwe, wa kukisimamia. Mshahara ungekuwa shilingi elfu moja na mia nne kwa mwezi, na nyumba ya vyumba viwili juu yake. Jibu lilitakiwa kabla mwezi wa Juni haujaisha, yaani siku tisa tu zilizobaki.

Mzee Chesang, mwenye kinu cha Kitale, alimlipa mia nane. Mia nane hiyo ilikuwa haijasogea tangu mwaka wa themanini na tano, na sasa ilikuwa themanini na tisa. Eliakim alikunja barua, akaitia katika mfuko wa shati, akarudi kuchonga jiwe. Lakini mara mbili patasi iliteleza.

Mkewe Nanyama aliisoma jioni hiyo, amesimama mlangoni ili apate mwanga. Walikaa katika chumba kimoja nyuma ya kinu. Injini ilipowashwa asubuhi, vikombe vilitetemeka rafuni hadi ilipozimwa, na unga uliingia kila mahali, katika nywele, katika blanketi, katika chai. Kitinda mimba wao alikohoa kiangazi na masika. Miaka kumi na minne Nanyama alikuwa amepangusa rafu ile ile, na alikuwa amechoka, uchovu ambao haukuondoka hata akilala.

"Si uandike leo useme umekubali," alisema.

"Mama Nasambu, mtu haachi kazi kama anavua shati."

"Hiyo shati yenyewe si iliraruka zamani?"

Eliakim aliichukua barua, akairudisha mfukoni. Alikuwa na sababu zake, ingawa kuzisema kwa mdomo zilionekana ndogo. Vidole vilipokatika, ni Chesang aliyembeba hadi hospitali na kukaa kwenye benchi la nje siku mbili. Kila muhula ada ya Nasambu, binti yao wa kidato cha pili, ilitolewa mapema na Chesang na kukatwa kidogo kidogo. Tena kulikuwa na lile shamba, nusu eka ya Chesang karibu na josho la ng'ombe, ambalo mzee alikuwa amemwahidi siku moja akiwa na furaha. Tangu hapo, kila alipolikumbusha, aliambiwa kwamba mwezi wa kumi na mbili wataongea. Miezi ya kumi na mbili ilikuwa imepita minane.

Alichokitaka Eliakim hasa, ukimbana sana, ni kuwa barua ile imfikie Chesang bila yeye kuisema, na Chesang aamke asubuhi amekuwa mtu mwingine. Mambo hayaendi hivyo.

*

Ijumaa alipiga moyo konde. Kila jioni baada ya kufunga kinu alipeleka ufunguo nyumbani kwa mzee, mlango wa jikoni. Hakuwa amewahi kuvuka jikoni hata siku moja. Mtu wa kinu ana unga mwilini na gamubuti miguuni, na Mama Cherono, mke wa mzee, alikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma. Hapo jikoni kulikuwa na kikombe cha bati kilichotundikwa kwenye msumari wake peke yake. Ndicho kikombe cha wafanyakazi. Mama Cherono alimmiminia chai humo, akampa, akarudi kwenye sufuria yake.

Kutoka sebuleni sauti ya Chesang ikauliza kama amefunga. Eliakim akasema amefunga.

"Mzee, nilikuwa na neno kidogo."

"Kama ni ya mshahara, ngoja mavuno. Mwezi wa kumi na mbili tutaongea."

"Si ya mshahara hasa."

"Basi kama si ya mshahara inaweza ngoja zaidi," mzee alisema, akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyeshiba na kuvua viatu.

Eliakim naye akacheka. Alicheka pale mlangoni, kikombe cha bati mkononi na barua mfukoni, na alipomaliza kucheka nafasi ilikuwa imepita. Alisuuza kikombe, akakitundika kwenye msumari wake, akaondoka. Njiani alijichukia kidogo.

*

Jumamosi asubuhi alimwambia Nanyama kwamba anakwenda Bungoma kumwona Wepukhulu, na kwamba atalala kwa kaka yake, huko Kabuchai. Akavaa koti. Hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa hiyo inafaa tulieleze koti lenyewe. Lilikuwa la kijivu, la mitumba, na Eliakim alilivaa harusini, matangani, na siku ile ya mwaka wa sabini na tano alipokwenda kwa Chesang kuandikwa kazi. Nanyama alilipiga pasi bila kuambiwa. Kwake, mume akivaa koti hilo na kwenda kwa mwajiri, jibu limeshatoka. Hakuuliza, naye Eliakim hakusema. Hivyo ndivyo walivyoishi: mmoja akinyamaza, mwenzake akijijibia.

Bungoma alipokewa vizuri. Wepukhulu alimnunulia chai na mandazi, kisha akampeleka kwenye jengo la kikundi. Upande mmoja ulikuwa haujaezekwa bado. Wanakamati saba walikuwa wamekusanyika kumtazama fundi, na kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema kinu kitasaga mahindi ya wanachama kwanza. Mwingine alisema hapana, wenye pesa taslimu kwanza. Ufunguo, akaambiwa, utakuwa kwa shemeji wa mwenyekiti. Eliakim aliitikia kila kitu kwa kichwa.

Kisha wakafunua magunia yaliyofunika kinu. Kilikuwa kipya, chekundu, kinang'aa. Eliakim alikizunguka, akainama, akatazama ndani, akatia mkono wake wenye vidole vitatu akapapasa. Alikuta vyuma vya kupigapiga na chekecheke ya bati.

"Mwalimu, jiwe liko wapi?" aliuliza.

"Hii haina jiwe. Ni ya kisasa."

"Na barua ilisema fundi wa jiwe."

"Tulitaka mtu mwenye anajua unga, bana. Kinu ni kinu. Utajifunza."

Wepukhulu alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimponyoka zaidi walipobaki wawili. Alisema pesa ya mishahara ya miezi mitatu ilikuwa benki, na baada ya hapo mahindi yenyewe yatasema. Alitoa karatasi ya mkataba na kalamu. Eliakim akasema aachiwe siku chache. Wepukhulu akasema hamna neno, ila mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi.

Usiku huo kwa kaka yake Kabuchai alikata shauri. Atabaki Kitale. Miezi mitatu si kazi, na bila jiwe yeye si fundi, ni mtu wa kuwasha na kuzima tu. Lakini barua hataitupa. Jumatatu ataiweka mbele ya Chesang, aombe elfu moja kamili na karatasi ya lile shamba, na safari hii hatacheka. Alilala usingizi mzito, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu Alhamisi.

*

Jumapili hiyo, Eliakim akiwa bado Kabuchai akinywa chai ya kaka yake, Nanyama alimkamata kuku wake mweusi, akamfunga miguu kwa kamba ya mkonge, akaenda naye kanisani. Hakuwa na kuku mwingine. Alikuwa kuku wa mayai, anayetaga karibu kila siku, na yai moja moja hilo lilikuwa limenunua chumvi na viberiti vya nyumba ile tangu Pasaka. Lakini wiki chache nyuma mchungaji alikuwa amehubiri kuhusu wale wenye ukoma kumi walioponywa na mmoja tu akarudi kushukuru. Nanyama hakutaka kuwa miongoni mwa wale tisa. Tena aliamini, kama wengi wa kanisa lile, kwamba baraka isiposhukuriwa upesi huondoka kwenda nyumba nyingine.

Wakati wa shukrani ulipofika alisimama mbele, kuku kwapani. Alisema miaka kumi na minne wamekula unga wa watu, wakaulala, wakaukohoa, wala hawakulalamika. Hilo la kutolalamika lilifanya wanawake wawili watazamane. Halafu akasema lile lililomleta.

"Mungu amekumbuka Baba Nasambu. Amepata kazi kubwa Bungoma. Tunarudi nyumbani."

Kanisa likapiga makofi. Mama Cherono alikuwa ameketi benchi la pili kutoka mbele, kitambaa cheupe kichwani. Yeye pia alipiga makofi, mara mbili, halafu akaiweka mikono yake juu ya Biblia.

Baada ya ibada vitu vya shukrani vilipigwa mnada nje, kama kawaida. Mzee wa kanisa, Wakonyo, alishika kuku juu na kuanza na shilingi thelathini. Bei ya kuku haikuvuka sitini. Mtu akasema arobaini, mwingine arobaini na tano, Wakonyo akatania kwamba kuku huyu ameokoka na nyama yake haina dhambi. Watu wakacheka. Ndipo Mama Cherono alipofungua mkoba wake.

"Mia mbili," alisema.

Wakonyo alisahau utani wake. Nanyama mwenyewe ndiye aliyempokeza Mama Cherono kuku, na moyo wake ulijaa. Aliona kwamba mke wa tajiri anawaaga kwa heshima, na alijilaumu kwa yale maneno ya unga.

"Asante, Mama Nasambu," Mama Cherono alimwambia kwa upole. "Nimefurahi kusikia. Hatukuwa tumesikia."

*

Eliakim alifika saa nane mchana, koti begani. Alikuta Nanyama amepika wali, chakula cha Krismasi, na kabla hajaketi akaelezwa yote, kuku na makofi na mia mbili. Alisimama na kijiko mkononi. Mwishoni akaketi juu ya gunia la pumba.

"Mimi sikukubali hiyo kazi," alisema.

Nanyama alimtazama. "Ulivaa koti."

"Nilivaa koti kwa sababu naenda kwa watu."

Akamweleza juu ya kinu kisicho na jiwe, wanakamati saba, shemeji mwenye ufunguo, miezi mitatu. Aliongea taratibu, maana hakuwa na nguvu ya hasira. Nanyama alisikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Aliona aibu, na aibu ikageuka kuwa hasira, na hasira nayo haikwenda mbali, kwa kuwa alijua ni yake pia.

"Sasa Jumapili ingine nisimame niseme aje? Ati Mungu achukue kazi yake, tumekataa?"

"Ungeningoja, Mama Nasambu. Siku moja tu."

"Nimekungoja miaka kumi na nne. Na wewe si ungeniambia? Mimi hukuniambia, Mzee hukumwambia. Hiyo maneno yako ulikuwa unamwekea nani?"

Wali ulipoa kati yao. Watoto, waliojua hali ya hewa ya nyumba yao, walichukua sahani zao wakaenda kula nje.

Saa kumi Nasambu aliingia kutoka dukani. Alisema amekutana na Mama Cherono njiani, na baba anaitwa kwa mzee sasa hivi. Kisha akaongeza, akistaajabu mwenyewe, kwamba Mama Cherono amesema baba apite mlango wa mbele.

*

Eliakim alivaa tena koti. Njia nzima alipanga maneno. Angesema kulikuwa na barua, kweli, lakini amekwenda, ameona, amekataa, na yuko hapa. Yalikuwa maneno mazuri, yenye adabu, na yalikuwa kweli.

Mlango wa mbele ulifunguliwa na Mama Cherono. Eliakim alivua viatu, akakanyaga zulia, akaketi ukingoni mwa kiti chenye kitambaa cha kufuma. Chesang alikuwa amekaa mezani, na kando yake kijana mnene mwenye umri wa miaka thelathini hivi. Huyu ni Kiplimo, mzee akasema, mtoto wa ndugu yangu, amesagisha huko kwao miaka miwili. Kiplimo alitabasamu. Mikono yake ilikuwa na vidole vyote.

Mama Cherono alileta birika na beseni, akamnawisha Eliakim mikono, yeye mwenyewe, kwanza kabla ya mumewe. Akaleta chai katika kikombe cha udongo chenye maua na kisahani chake. Kisha akaleta ugali na kuku. Alipompakulia Eliakim, aliweka juu kabisa ya nyama, mahali ambapo jicho haliwezi kukosa, firigisi.

Eliakim aliitazama firigisi ile, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamwishia. Kwao Bungoma kila mtu angeelewa. Firigisi ni ya mgeni wa heshima. Humpi kibarua wako, humpi mtu wa nyumbani wa kila siku. Kuku akichinjwa bila mgeni, firigisi huliwa na baba mwenye nyumba. Watu wa Chesang hawakuwa na habari na mambo hayo, lakini Mama Cherono alikuwa amekaa na majirani wa Kibukusu, watu wa kabila la Eliakim, ujana wake wote, na alijua alichokipakua. Mgeni hukaribishwa, hushibishwa, husindikizwa.

Hata hivyo alijaribu.

"Mzee, mimi sijakubali ile kazi. Nilienda kuangalia tu. Nilitaka kesho tuongee."

Chesang alimega ugali, akaufinyanga kwa muda mrefu. Alionekana mzee kuliko Ijumaa.

"Miaka kumi na nne, Eliakim," alisema. "Kila jioni unakuja hapa. Na mimi nasikia kwa mnada wa kuku."

"Ijumaa nilikuja niseme."

"Ulikuja ukacheka."

Kiplimo alivunja mfupa kwa meno.

"Mimi sina kinyongo," mzee aliendelea. "Ningeweza kusema baki. Lakini mke wako ameshashukuru mbele ya watu, na kuku ndiye huyu tunakula. Nikikurudisha nitakuwa nimemnyang'anya Mungu kuku wake. Na watu watasema Chesang anafunga watu." Akasafisha koo. "Kiplimo anaanza kesho. Ana mke, watahitaji chumba. Lori ya mahindi inaenda Bungoma siku ya Jumatano, mtapanda na vitu vyenu, hakuna kulipa."

Eliakim akasema asante. Hakuna kitu kingine kilichokuja, na asante ilikuwa karibu na mdomo, imezoea njia. Aliumia, na lililomuuma zaidi ni kwamba mzee hakuwa akimdanganya. Mzee pia alikuwa ameumia.

Walikula. Mwishoni Kiplimo akauliza kama nyundo na patasi za kuchongea jiwe ni mali ya kinu au ni za fundi. Chesang hakukumbuka. Eliakim alikumbuka vizuri sana. Patasi alikuwa ameinunua mwenyewe mwaka wa themanini na moja kwa pesa yake, akalala njaa wiki nzima. Alifikiria kile kinu chekundu cha Bungoma, na vyuma vyake vya kupigapiga.

"Ni za hapa," alisema. "Lakini usipige jiwe kwa nguvu. Unalibembeleza. Na unga usiutazame, ushike hivi." Akasugua kidole gumba na kile cha shahada hewani, Kiplimo akamwiga.

Firigisi alikuwa amekula nusu. Mama Cherono alipogeuka kuchukua beseni, Eliakim alifunga nusu ile nyingine katika leso yake ya mfukoni, akaitia katika mfuko wa koti, juu ya barua.

*

Nanyama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chumba chao, bado na nguo za kanisani. Alipomwona uso alisogea kumpa nafasi. Eliakim aliketi karibu naye na kusema Jumatano, lori ya mahindi. Nanyama akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama ule mkataba wa Wepukhulu bado uko. Eliakim akasema uko, hadi mwisho wa mwezi.

"Tutaona hiyo miezi mitatu," alisema Nanyama, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote iliyobaki ya asubuhi.

Eliakim alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya goti. Nanyama aliinama akatazama, kisha akajivuta nyuma kidogo.

"Sisi hatuli hiyo, Baba Nasambu. Hiyo ni ya wanaume."

"Kula tu. Kuku alikuwa wako."

Alimtazama usoni kuona kama anamcheka, kama anamlipiza. Hakuona kitu ila uchovu, uchovu uleule aliokuwa nao yeye. Basi aliichukua kwa vidole viwili, akatazama huku na huku kama kuna jirani, akaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu. Alitafuna kwa muda mrefu, maana yule kuku alikuwa wa mayai, hakufugwa kwa ajili ya nyama. Alipomeza alijipangusa midomo, akainuka, akaingia ndani, akaanza kuteremsha vikombe kutoka rafuni.